Ustaarabu Usio na Mto: Tinde, Maji na Njia za Lugha

1. Dai la mito mikubwa

Kwa muda mrefu historia ya ustaarabu wa kale imefundishwa kwa kufuata kingo za mito. Mwanafunzi wa sekondari huanza na Mto Naili, akapita Tigris na Euphrates, akaishia Indus na Huang He. Hoja yenyewe ni fupi. Mto mkubwa hufurika, mafuriko huacha rutuba, rutuba huzaa ziada ya chakula, na ziada humwezesha fundi, karani na mfalme kuishi bila kushika jembe. Mwaka 1957 Karl Wittfogel aliipa hoja hiyo sura ya nadharia kamili alipodai kwamba kazi ya kuchimba na kusimamia mifereji mikubwa ndiyo iliyozaa dola zenye mamlaka yasiyohojiwa.

Hoja hii ina ukweli ndani yake. Misri bila Naili ni jangwa. Tatizo liko katika matumizi yake. Maelezo yaliyotokana na mabonde machache yamegeuzwa kuwa sharti, na kwa sharti hilo jamii isiyo na mto mkubwa huonekana haina historia ya kusimuliwa hadi siku alipofika mgeni mwenye kalamu. Sehemu kubwa ya Tanzania bara imehukumiwa kwa kipimo hicho. Mhadhara huu unakichunguza kipimo chenyewe kwa kutazama mahali pamoja ambapo mto mkubwa haupo kabisa, nako ni Tinde, katika Wilaya ya Shinyanga. Ushahidi utakaotumiwa zaidi ni wa lugha, kwa sababu katika nchi iliyojengwa kwa miti na udongo, maneno hudumu kuliko kuta.

2. Mahali maji yanapoachana

Msafiri anayetoka Nzega kwenda Shinyanga huvuka Mto Manonga kabla ya kufika Tinde. Akivuka wakati wa masika, huona maji mengi yaliyotapakaa. Akivuka mwezi Septemba, huona mchanga, na juu ya mchanga huona visima vifupi vilivyochimbwa kwa mikono, ambamo maji yaliyojificha chini hutekwa kwa ajili ya watu na mifugo. Mvua za nchi hii huanza takriban Novemba na kukoma Aprili au Mei. Baada ya hapo mito hulala.

Maji ya Manonga hayafiki baharini. Huelekea mashariki hadi mbuga za Wembere, yakaingia Ziwa Kitangiri, kisha kwa Mto Sibiti yakaishia Ziwa Eyasi, ambako jua huyakausha na kuacha chumvi. Lakini mwendo si mrefu kutoka Tinde kuelekea kaskazini kabla ya kukutana na vijito vinavyokwenda upande mwingine kabisa. Isanga, Magogo na Simiyu huingia Ziwa Victoria, na kwa njia hiyo huchangia Naili na hatimaye Bahari ya Mediterania. Magharibi, upande wa Kahama na Tabora, maji ya Moyowosi na Gombe huufuata Malagarasi hadi Ziwa Tanganyika, yakatoka kwa Mto Lukuga, yakaungana na Kongo na kuishia Bahari ya Atlantiki.

Kwa maneno mengine, nchi iliyoizunguka Tinde ni mgongo unaogawa mabonde matatu. Matone mawili ya mvua moja yanaweza kuachana hapa, moja likaelekea Misri na jingine likafia katika magadi ya Eyasi. Wahenga walisema kwamba maji hufuata mkondo. Wenyeji wa mgongo huu hawakuwa na mkondo mmoja wa kuufuata, na jambo hilo liliathiri makazi yao, kazi zao na lugha zao.

3. Watu walioitwa kwa dira

Athari ya kwanza inaonekana katika majina. Katika sehemu nyingi za dunia watu hujitambulisha kwa mto wao. Katika nchi hii hujitambulisha kwa pande za dunia. Sukuma maana yake ni kaskazini. Jina hilo halihusiani na kitenzi cha Kiswahili cha kusukuma. Dakama ni kusini, Kiya ni mashariki na Ng'weli ni magharibi. Msukuma kwa asili ni mtu wa kaskazini, tena kaskazini ya yule anayemwita hivyo. Mdakama ni mtu wa kusini kwa kanuni hiyohiyo. Lahaja za Kisukuma zenyewe zimegawanywa kwa majina ya pande hizo nne.

Mfumo kama huu hustawi pale ambapo ardhi haina kizuizi kikubwa. Hakuna mto mpana unaomlazimu mtu kuulizia mtumbwi, wala safu ya milima inayofunga upeo wa macho. Kuna vilima vya mawe ya matale na mabonde mapana, na vyote hupitika kwa miguu. Matokeo yake kiisimu ni mnyambuliko wa lahaja usiokatika. Guthrie aliziorodhesha Kisukuma, Kinyamwezi na Kisumbwa kuwa F21, F22 na F23, na orodha yoyote hulazimika kufanya hivyo. Hata hivyo, anayetembea kutoka kusini ya Tabora hadi ukingo wa Ziwa Victoria hakutani na mpaka ambapo lugha moja hukoma na nyingine kuanza. Hukutana na mabadiliko madogo ya kila kijiji, na kila jirani humwelewa jirani yake.

Jina la ziwa nalo linafundisha. Speke alipofika ukingoni mwa ziwa hilo, karibu na Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, alilipa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza, yaani maji makubwa. Neno hilo ni la ukoo mmoja na Nyasa na nyanja zinazosikika pande za Malawi. Wabantu walikuwa na neno la ziwa walilolibeba katika safari zao ndefu, wakaliweka kila walipokuta maji yasiyovukika kwa macho.

4. Udongo uliosomwa

Kama mto haukuleta rutuba, rutuba ilitoka wapi? Wakulima wa Usukuma walilijibu swali hili kwa kuusoma mteremko. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, udongo wa kichanga unaolimika kwa urahisi hata mvua zikiwa chache. Chini yake huja itogolo, na chini kabisa, bondeni, kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Familia yenye busara ilitafuta shamba katika kila ngazi. Mwaka wa mvua nyingi, luseni iliokoa. Mwaka wa mvua haba, mbuga iliyohifadhi unyevu ndiyo iliyookoa. Baadaye, mpunga ulipofika kwa njia za misafara katika karne ya 19, mbuga hiyohiyo ikakatwa majaruba.

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, aliieleza sayansi ya dunia jinsi aina za udongo zinavyofuatana kwa mpango kutoka kilimani hadi bondeni. Wazo lake linasomwa hadi leo katika vyuo vingi, na neno mbuga limeingia katika maandishi ya wataalamu wa udongo wa mataifa mengine. Mfuatano alioueleza ulikuwa tayari una majina katika vinywa vya wakulima wa Usukuma.

Hapa pana somo kwa wanaisimu. Katika Kiswahili sanifu cha leo neno mbuga humjia msikilizaji pamoja na wanyamapori, kama katika usemi mbuga ya Serengeti. Maana ya udongo mweusi wa bondeni, ambayo kwa mkulima wa Tinde ndiyo maana ya kwanza, imesukumwa pembeni. Neno lililokuwa la jembe limekuwa la utalii.

Aidha, kuna neno ngitili. Hilo ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zibaki kwa ajili ya kiangazi. Ni ghala la majani, na kwa nchi isiyo na mto ni ghala la uhai. Kuanzia miaka ya 1920 vichaka vingi vya Shinyanga vilifyekwa ili kupambana na mbung'o, na baadaye pamba, mifugo na kuni vikaongeza upungufu wa miti hadi mkoa ukaogopwa kuwa ungegeuka jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi HASHI, ulianza mwaka 1986. Ulifanikiwa pale ulipoacha kuwafundisha watu mambo mageni na kuwarudisha kwenye ngitili yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maeneo yaliyohifadhiwa hivyo yalizidi hekta 300,000. Neno la zamani lilikuwa limebeba maarifa ambayo hayakuandikwa popote.

5. Chumvi, chuma na miguu

Mgongo wa mabonde matatu ulikuwa na udongo na ng'ombe, lakini ulikosa vitu viwili: chumvi ya kutosha na chuma. Vyote vilipatikana mbali, na kwa kuwa hapakuwa na mto wa kupitisha mtumbwi, ilibidi vifuatwe kwa miguu.

Chumvi ya mashariki ilifuatwa Ziwa Eyasi, kule maji ya Manonga yanakofia. Vijana walikwenda kwa makundi, wakivuka nchi kavu na ya hatari, na safari hiyo ilihesabiwa kuwa jando la aina yake: aliyerudi na mzigo alirudi mtu mzima. Chumvi ya magharibi ilitoka chemchemi za Uvinza, karibu na Malagarasi. Uchimbuzi wa kiakiolojia uliochapishwa mwaka 1968 ulionyesha kwamba watu walichemsha maji ya chumvi huko kwa muda unaokaribia miaka 1,500. Chuma kilitoka kaskazini-magharibi. Huko, katika misitu ya Uzinza na Geita, Warongo waliyeyusha mawe na kufua majembe yaliyotafutwa Usukuma na Unyamwezi kote, hata jembe likawa kipimo cha thamani katika biashara na mahari. Nchi ambayo leo inatajwa kwa dhahabu ilitajwa zamani kwa jembe.

Biashara hizi za ndani zilitangulia misafara mikubwa ya pembe za ndovu. Zilijenga nidhamu ya kutembea kwa makundi, kugawana zamu za kubeba na kupika, na kumtii kirangozi aliyejua visima vilipo. Nyumbani, nidhamu hiyohiyo ilionekana katika vyama vya vijana vya kulima kwa pamoja chini ya viongozi walioitwa basumba batale. Juu yao alikuwapo ntemi, ambaye jina lake huhusishwa na kitenzi kutema, yaani kukata: kukata msitu wa makazi mapya au kukata shauri. Mamlaka yake yalikuwa juu ya watu na mvua. Hapakuwa na mfereji mkubwa wa kusimamia, na huenda ndiyo maana tawala za nchi hii zilikuwa nyingi na ndogo. Katika hili Wittfogel anaelekea kuthibitishwa kwa njia asiyoitarajia.

Hata dola kubwa ilipotokea, haikutawala mto. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga nguvu zake kwa kushika njia. Mwaka 1871 alipoifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji, biashara ya Afrika ya Kati nzima ilitikisika.

6. Lugha ya mto na lugha ya njia

Kutokana na hayo linazuka swali linalohusu taaluma ya Kiswahili moja kwa moja. Kiswahili kimesemwa pwani kwa zaidi ya miaka 1,000. Kwa nini kilichelewa kuingia bara hadi karne ya 19? Jibu moja liko katika ramani. Mito inayoingia Bahari ya Hindi katika pwani hii haikuwa barabara. Rufiji hupitika kwa mashua katika sehemu yake ya chini tu. Pangani huzuiwa na maporomoko. Wami na Ruvu havibebi vyombo vya kufika mbali. Upepo wa kaskazi na kusi uliiunganisha Kilwa na Arabuni na Bara Hindi kwa urahisi kuliko mto wowote ulivyoiunganisha na Unyamwezi.

Linganisha na Kongo. Kati ya Kinshasa na Kisangani mto hupitika kwa takriban kilomita 1,700, na Kilingala kilikua juu ya maji hayo. Kilianza katika lugha ya wafanyabiashara Wabobangi, kikapanda meli za moshi kuanzia miaka ya 1880 na kushuka katika kila kituo cha mtoni. Kilingala kwa asili ni lugha ya mto. Kiswahili cha bara ni lugha ya njia. Kilikwenda kwa miguu hadi Tabora, Ujiji na Nyangwe, na mashariki ya Kongo lugha hizo mbili zikakutana.

Ni miguu ya nani iliyokibeba? Masimulizi ya kawaida humtaja mfanyabiashara wa pwani peke yake. Lakini Wanyamwezi walikwisha kufika pwani wenyewe yapata mwaka 1800, kabla Waarabu hawajajenga makazi yao Tabora katikati ya karne. Wapagazi waliobeba mizigo ya takriban kilo 30 kila mmoja, pamoja na wanawake waliofuatana nao, walikuwa wa Unyamwezi na Usukuma kwa sehemu kubwa. Burton alitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh, akafika tarehe 7 Novemba 1857, na njia aliyoifuata ilikuwa imekwisha kukanyagwa na watu hao. Wengine walikwenda mbali zaidi. Msiri, aliyetoka Usumbwa, alianzisha dola ya Garenganze huko Katanga, akatawala hadi alipouawa mwaka 1891. Watu wa nchi isiyo na mto walitembea hadi kwenye shaba ya bonde la Kongo.

Njia iliacha alama katika msamiati. Mfano ulio wazi ni neno hongo. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ada halali ambayo msafara ulimlipa mtemi ili upite na kuteka maji. Ugogo, nchi kavu kati ya pwani na Unyamwezi, ilijulikana kwa ada hizo kwa sababu aliyeshika kisima ndiye aliyeshika njia. Njia zilipobadilika na kisima kikapoteza nguvu, neno lilibaki likitafuta kazi. Leo hongo ni rushwa. Ukame wa Ugogo umo ndani ya neno hilo, ingawa wasemaji wengi hawaujui tena.

7. Neno lenyewe

Hapana budi kulitazama pia neno lililo katika kichwa cha mhadhara huu. Ustaarabu limetokana na Kiarabu, na katika asili yake maana ni kuwa kama Mwarabu. Kabla ya neno hilo kushika nguvu chini ya utawala wa Zanzibar katika karne ya 19, watu wa pwani walisifiana zaidi kwa uungwana. Kinyume cha ustaarabu kilikuwa ushenzi, na mshenzi alikuwa mtu wa bara. Hivyo basi mpagazi aliyekibeba Kiswahili mabegani mwake aliitwa mshenzi na lugha ileile aliyoibeba.

Nadharia ya mito na neno ustaarabu zimetoka sehemu tofauti, lakini zina kasoro moja. Ya kwanza inatazama ukingo wa mto, la pili linatazama bahari, na zote mbili zimempa kisogo mtu wa mgongo wa nchi. Kiswahili sasa ni lugha ya watu wa bara kuliko watu wa pwani kwa idadi. Ni haki neno hilo lipewe maana pana kuliko asili yake. Ustaarabu wa jamii upimwe kwa jinsi ilivyoyajibu maji iliyopewa, yawe mengi au machache. Waliosimamia mafuriko ya Naili walijibu kwa mifereji na hesabu. Wakazi wa Engaruka, chini ya nyanda za juu za kreta, walijibu kati ya karne ya 15 na ya 18 kwa mifereji midogo na matuta ya mawe. Watu wa Tinde na jirani zao walijibu kwa kuusoma udongo, kufunga ngitili, kuchimba mchangani na kutembea.

8. Hitimisho: maji yaliyopanda mgongo

Historia hii ina sura ya karibuni. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilikubaliana kwamba kazi kubwa za maji katika vyanzo vya Naili vilivyo chini ya Uingereza zisifanywe bila ridhaa ya Misri. Tanganyika huru ilitangaza mwaka 1962 kwamba haifungwi na makubaliano hayo. Miaka zaidi ya arobaini baadaye, bomba kubwa lilijengwa kutoka Ihelele, ukingoni mwa Ziwa Victoria, na mwaka 2009 maji ya ziwa yakawa yamefika Kahama na Shinyanga. Mabomba mengine yaliyafikisha Nzega, Igunga na Tabora, na mradi wa Tinde na Shelui ukafuata. Mkataba mpya wa nchi za bonde la Naili, uliofunguliwa kutiwa saini Entebbe mwaka 2010, ulianza kutumika Oktoba 2024.

Kwa mara ya kwanza, maji ambayo yangeelekea Misri yamepandishwa juu ya mgongo na kuteremshwa upande wa Manonga. Wale waliosimuliwa kuwa hawana mto wamepata sehemu yao ya mto unaotajwa kuliko yote katika historia ya kale. Hilo ni jambo la kushukuriwa, na mama anayeamka alfajiri kwenda kuchimba mchangani halihitaji kuelezwa kwa nadharia.

Lakini bomba likifika, kisima cha mchangani husahauliwa, na pamoja nacho maneno yake. Wanaojua kutofautisha luseni na itogolo kwa kukanyaga tu, na wanaojua majina ya vituo vya njia ya chumvi hadi Eyasi, ni wazee. Kazi ya mwanaisimu kijana wa Shinyanga, Kahama au Geita ni kuwafuata sasa, kijiji kwa kijiji, na kuandika. Maji ya Manonga huishia Eyasi na kuacha chumvi, na chumvi hiyo ilitafutwa kwa miguu na vijana walioijua thamani yake. Maneno ya nchi hii nayo yanahitaji watu wa kuyafuata kwa miguu hiyohiyo.